Fursa za Utafiti wa Uzamili katika Ikolojia na Mazingira: Mwongozo kwa Wahitimu wa Kyerwa na Karagwe

Mhitimu wa shahada ya kwanza anayeishi Nkwenda, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, na mwenye nia ya kuendelea na masomo ya uzamili katika ikolojia au sayansi ya mazingira, hukabiliwa na maswali manne: achunguze nini, asome wapi, nani atagharamia, na kibali cha utafiti kinapatikana wapi. Makala haya yanajibu maswali hayo kwa kuzingatia hali halisi ya wilaya za Kyerwa na Karagwe, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012.

Swali la kwanza ndilo lenye uzito zaidi. Vyuo vipo, taratibu za vibali zinajulikana, na wafadhili hutangaza nafasi kila mwaka. Waombaji wengi hukwama kwa sababu maandiko yao ya utafiti hayaonyeshi tatizo mahususi, mahali mahususi na watu watakaonufaika. Kwa mhitimu wa Kyerwa au Karagwe, matatizo ya namna hiyo yako shambani, mtoni na katika mipaka ya hifadhi zilizo jirani na nyumbani kwake.

Yaliyokwisha kuchunguzwa

Eneo hili limekuwa likichunguzwa kwa zaidi ya miaka 150. Mwaka 1861 wasafiri kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Karagwe na kupokewa na Mfalme Rumanyika. Huko Speke aliona nzohe, mnyama wa jamii ya pongo anayeishi kwenye mafunjo na madimbwi. Mwaka 1863 mnyama huyo aliingizwa rasmi katika maandishi ya sayansi kwa jina la Tragelaphus spekii, yaani kwa jina la mgeni huyo. Wenyeji walikuwa wakimfahamu nzohe muda mrefu kabla ya hapo, ila hawakuwa wao walioandika.

Katika miongo ya karibuni hali hiyo imebadilika kwa kiasi. Mwaka 2004 Frederick Baijukya, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku, Bukoba, alihitimu shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi. Tasnifu yake ilihusu mabadiliko ya kilimo cha migomba kaskazini-magharibi mwa Tanzania na nafasi ya mimea jamii ya mikunde katika kurudisha rutuba. Huo ni mfano wa mtafiti aliyelichukua tatizo la mkoa wake na kulipeleka chuo kikuu cha kimataifa.

Kuanzia mwaka 2010, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), kwa fedha za Mfuko wa Mazingira wa Dunia (GEF), lilitekeleza mradi wa usimamizi wa ardhi na mifumo-ikolojia ya kilimo katika bonde la Mto Kagera. Mradi huo ulihusisha nchi za Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, na ulitumia mashamba darasa, ambamo wakulima walijaribu wenyewe njia za kuhifadhi udongo na maji.

Mwaka 2016 Ariane Krause wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, Ujerumani, na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Karagwe kwa ushirikiano na shirika la wakulima la MAVUNO. Udongo uliochunguzwa ni wa kundi la Andosol, ambao huishika fosforasi kiasi kwamba mimea huipata kwa shida. Watafiti walilinganisha vipande vya ardhi visivyowekwa kitu na vile vilivyowekwa masalia ya mtambo wa biogesi, mboji ya kawaida, na mboji iliyochanganywa na unga wa mkaa pamoja na kinyesi cha binadamu kilichokwisha kuuliwa vimelea.

Matokeo kwa zao la mahindi yalikuwa yafuatayo:

- Ardhi isiyowekwa kitu: tani 1.10 kwa hekta.
- Masalia ya biogesi: tani 2.63 kwa hekta.
- Mboji ya kawaida: tani 3.18 kwa hekta.
- Mboji yenye mkaa na kinyesi kilichotibiwa: tani 4.40 kwa hekta.

Mboji hiyo ya mwisho pia ilipunguza uchachu wa udongo, pH ikipanda kutoka 5.3 hadi 5.9. Hata hivyo, jaribio lilifanyika katika vipande vya mita 9 za mraba, na watafiti wenyewe walieleza kuwa hatua zaidi zinahitajika kabla ya kutumia njia hizo katika shamba zima. Je, kaya ya kawaida ya Nkwenda inaweza kukusanya mboji ya kutosha eka moja? Nani ataibeba, na katika msimu gani? Je, familia itakubali kula mazao yaliyopandwa kwa mbolea hiyo? Maswali hayo yanasubiri mtafiti anayeweza kukaa na wakulima na kuzungumza nao kwa lugha yao.

Maeneo yanayohitaji watafiti

1. Mnyauko wa migomba

Ndizi ndiyo chakula kikuu cha kaya nyingi za Kagera. Mnyauko unaosababishwa na bakteria ulithibitishwa nchini Uganda mwaka 2001 na mkoani Kagera katikati ya muongo huo. Ugonjwa huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na mapanga yaliyotumika kwenye mgomba mgonjwa, na machipukizi yanayohamishwa kutoka shamba moja kwenda jingine. Hatua za kuudhibiti zinafahamika: kukata ua dume kwa kijiti chenye panda, kuunguza panga kwenye moto au kuliosha kwa dawa ya kuua vijidudu, na kuondoa migomba iliyoathirika.

Utafiti unaohitajika sasa unahusu watu na mazingira kwa pamoja. Kwa nini kaya moja huzingatia hatua hizo na jirani yake huziacha? Je, biashara ya ndizi na ya machipukizi ina sehemu gani katika kurudisha ugonjwa mahali ulipokwisha kudhibitiwa? Mwanafunzi wa shahada ya umahiri anaweza kujibu moja ya maswali hayo kwa kufuatilia vijiji vichache kwa misimu miwili.

2. Kahawa na kivuli

Kahawa ya robusta huko Kagera ilishambuliwa na mnyauko fusari kuanzia mwaka 1997, na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) imekuwa ikisambaza miche ya aina zenye ukinzani. Kwa mwanaikolojia, kibanja chenye kahawa, migomba, maharage na miti ya kivuli ni mfumo kamili wa kuchunguza: ndege, nyuki wanaochavusha, wadudu waharibifu na maadui wao wa asili, pamoja na kiasi cha kaboni kinachohifadhiwa ardhini na katika miti.

3. Hifadhi mpya za Taifa

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika Orugundu yalipandishwa hadhi na kuwa Hifadhi ya Taifa Ibanda-Kyerwa na Hifadhi ya Taifa Rumanyika-Karagwe. Zote mbili husimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Hifadhi hizi hazijaandikwa kwa wingi kama Serengeti, ambako utafiti umeendelea kwa zaidi ya nusu karne. Kwa mtafiti, hiyo ni nafasi ya kutoa mchango wa msingi: orodha ya mimea, idadi ya wanyama, hali ya malisho, athari za moto, na uhusiano wa hifadhi na vijiji vinavyopakana nazo.

Ng'ambo ya Mto Kagera ipo Hifadhi ya Taifa ya Akagera ya Rwanda, ambako simba walirejeshwa mwaka 2015 na faru weusi mwaka 2017. Mto unaotenganisha nchi hautenganishi mifumo-ikolojia. Mienendo ya wanyama kati ya pande hizo mbili, na maana yake kwa mifugo na usalama wa wananchi, ni somo linalofaa kwa shahada ya uzamivu.

4. Mto Kagera na ardhioevu

Mto Kagera ndio mkubwa kuliko mito yote inayoingiza maji katika Ziwa Victoria. Magugu maji yaliyoenea ziwani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 yaliingia kwa sehemu kubwa kupitia mto huo. Udongo unaomomonyoka katika miteremko ya Kyerwa na Karagwe hatimaye hufika ziwani, pamoja na mabaki ya mbolea na viuatilifu.

Mabonde yenye mafunjo huchuja maji hayo, lakini pia ndiyo yanayotegemewa kwa kilimo cha kiangazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa endapo shughuli hizo zinaweza kuathiri mazingira. Takwimu za kisayansi kuhusu ubora wa maji, kina cha mafunjo na mapato ya kaya zinazolima mabondeni zingesaidia halmashauri kupanga matumizi ambayo hayaharibu bonde wala hayawaachi wananchi bila chakula.

5. Misitu, kuni na historia ya wakimbizi

Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia wilaya za Ngara na Karagwe, ambayo wakati huo ilijumuisha Kyerwa. Mahitaji ya kuni na miti ya kujengea yaliongezeka kwa ghafla. Picha za setilaiti za Landsat, zinazopatikana bila malipo na zilizoanza kukusanywa mwaka 1972, humwezesha mwanafunzi kulinganisha uoto wa kabla ya 1994, wa miaka iliyofuata na wa sasa. Kazi hiyo huhitaji kompyuta, intaneti na ziara chache za kuhakiki uwandani, hivyo gharama yake ni ndogo kuliko ya tafiti nyingi.

6. Uchimbaji wa bati

Kyerwa ina historia ndefu ya uchimbaji wa madini ya bati, na wachimbaji wadogo wanaendelea na kazi hiyo. Mashimo yaliyoachwa wazi, uoshaji wa mawe katika vijito na urejeshaji wa ardhi baada ya uchimbaji ni mambo yanayohitaji vipimo, si makisio pekee.

Ngazi za masomo na sifa

Masomo ya uzamili yana ngazi tatu. Stashahada ya uzamili huchukua takribani mwaka mmoja. Shahada ya umahiri, ambayo wengi huiita shahada ya uzamili, huchukua kati ya miezi 18 na miaka miwili na ipo katika ngazi ya 9 ya mfumo wa tuzo za vyuo vikuu. Shahada ya uzamivu, iliyo katika ngazi ya 10, kwa kawaida huchukua miaka mitatu hadi minne.

Shahada ya umahiri hutolewa kwa njia mbili: masomo ya darasani yanayofuatiwa na tasnifu, au utafiti pekee. Njia ya pili inamfaa mwombaji ambaye tayari ana tatizo la utafiti na msimamizi aliyekubali kumwongoza. Kwa kawaida mwombaji wa umahiri anatakiwa kuwa na shahada ya kwanza yenye wastani wa alama usiopungua 2.7 katika kipimo cha 5. Kila programu inaweza kuweka masharti zaidi, hivyo ni lazima kusoma tangazo la chuo husika.

Maombi ya uzamili hupelekwa moja kwa moja chuoni. Mwombaji anayelenga chuo cha nje ya nchi anashauriwa kuhakiki kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kama chuo na tuzo yake vinatambuliwa kabla ya kulipa ada yoyote.

Vyuo vyenye programu zinazohusika

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kina programu za misitu, wanyamapori, sayansi ya udongo na usimamizi wa mifumo-ikolojia. Kwa tafiti za kibanja, rutuba na misitu, hiki ndicho chuo chenye wigo mpana zaidi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kina idara za botania na za zoolojia na uhifadhi wa wanyamapori, pamoja na Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali inayoshughulikia matumizi ya ardhi na mabadiliko ya tabianchi. Chuo hicho pia ni miongoni mwa vinavyonufaika na Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), wenye thamani ya Dola za Marekani milioni 425, ambao unajumuisha ujenzi wa kampasi yake mkoani Kagera.

Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, hufundisha ngazi za uzamili pekee. Ina programu za bayoanuwai na usimamizi wa mifumo-ikolojia, na za maji na mazingira.

Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kinafaa kwa wanaotaka kuchunguza taka, majitaka, ubora wa maji na athari za uchimbaji. Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963, kinafaa kwa askari na maafisa wa uhifadhi.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kituo mkoani Kagera na programu ya masomo ya mazingira. Kwa mwalimu wa sekondari au afisa ugani asiyeweza kuacha kituo chake cha kazi, hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi.

Kwa wakazi wa Kyerwa, vyuo vya nchi jirani haviko mbali. Kutoka Nkwenda hadi Morogoro ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, ilhali mpaka wa Uganda uko ndani ya wilaya, Murongo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kina Taasisi ya Uhifadhi wa Misitu ya Tropiki iliyopo Ruhija, katika msitu wa Bwindi. Chuo Kikuu cha Makerere kina kituo cha utafiti wa kibayolojia katika msitu wa Kibale. Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri wa bayoanuwai na usimamizi wa maliasili huko Huye.

Vyanzo vya ufadhili

Hakuna chanzo kimoja kinachotosheleza kila mwombaji. Wengi hulipia ada kwa chanzo kimoja na kazi ya uwandani kwa kingine. Vyanzo vinavyofahamika ni pamoja na:

- Miradi ya utafiti ndani ya vyuo. Mhadhiri mwenye mradi huhitaji wanafunzi wa umahiri na uzamivu, na hutangaza nafasi hizo katika tovuti ya chuo.
- Ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa masomo nchini Uingereza, ambao sehemu yake hupitia Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia.
- Shirika la Ujerumani la DAAD, ambalo lina mpango wa kuwasomesha wanafunzi ndani ya Afrika katika vyuo vilivyoteuliwa.
- Mpango wa VLIR-UOS wa Ubelgiji, ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zake za ushirikiano.
- Mtandao wa vyuo vya kilimo Afrika wa RUFORUM, wenye makao yake Kampala.
- Shirika la OWSD lenye makao Trieste, Italia, linalofadhili wanawake wanaosomea uzamivu katika sayansi.
- Mfuko wa Rufford wa Uingereza, unaotoa ruzuku ndogo kwa kazi za uwandani za uhifadhi. Ruzuku hii hailipii ada ya chuo.

Kuhusu mikopo, mwombaji anapaswa kusoma mwongozo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) wa mwaka husika ili kuona kama ngazi na programu yake imejumuishwa. Mtumishi wa umma anatakiwa kupata ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri kabla ya kuanza, na ni busara jina lake liingie mapema katika mpango wa mafunzo wa halmashauri.

Wananchi wanakumbushwa kujihadhari na watu wanaodai malipo ili "kuharakisha" ufadhili. Wafadhili waliotajwa hapo juu hutangaza nafasi na masharti yao katika tovuti zao rasmi.

Vibali vya utafiti

Mwanafunzi aliyesajiliwa katika chuo kikuu cha Tanzania hupata barua ya kibali kutoka chuoni kwake. Barua hiyo hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa mjini Bukoba, kisha kwa Katibu Tawala wa Wilaya, Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Mtendaji wa Kata na hatimaye Mtendaji wa Kijiji. Kila ofisi hubaki na nakala. Mtafiti anayefika kijijini bila kupitia ngazi hizo anaweza kuzuiwa, na wananchi wana haki ya kumwomba barua yake kabla ya kujibu maswali.

Watafiti wa kigeni, pamoja na Watanzania waliosajiliwa katika vyuo vya nje, huomba kibali kwa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986. Watafiti wa kigeni hutakiwa pia kuwa na mshirika wa ndani. Sharti hilo ni fursa kwa wahitimu wa Kagera, kwa kuwa mtafiti mgeni anayekuja Kyerwa huhitaji msaidizi anayeijua nchi, na nafasi nyingi za uzamili huanzia katika ushirikiano wa namna hiyo.

Utafiti wa wanyamapori hupitia pia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI), na kuingia katika hifadhi za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe kunahitaji idhini ya TANAPA. Kazi katika misitu ya hifadhi huhitaji idhini ya mamlaka inayosimamia msitu husika. Sampuli za mimea, wanyama au udongo hazisafirishwi nje ya nchi bila kibali maalumu.

Kupanga muda kulingana na misimu

Jambo linalowagharimu wanafunzi wengi ni kalenda. Kagera hupata mvua mara mbili kwa mwaka: masika ya Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Septemba hadi Desemba. Mwanafunzi anayechunguza mazao, wadudu au mmomonyoko wa udongo akikosa msimu mmoja kwa sababu kibali kimechelewa, husubiri miezi kadhaa, na kwa programu ya miaka miwili muda huo ni robo ya masomo yote.

Kwa sababu hiyo, inashauriwa andiko likamilike na barua zianze kushughulikiwa angalau miezi minne kabla ya mvua zinazolengwa. Takwimu za mvua huombwa kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), na za mtiririko wa mito kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, Mwanza. Maombi hayo yafanywe mapema pia.

Andiko zuri la awali halizidi kurasa chache. Linaeleza tatizo, kilichokwisha kuandikwa, swali moja kuu, eneo la utafiti, njia ya kukusanya data, bajeti na ratiba. Mwombaji analipeleka kwa mhadhiri anayefanya kazi katika eneo hilo akiomba usimamizi. Barua inayotaja kijiji, zao na msimu hujibiwa kwa urahisi kuliko inayosema tu kwamba mwombaji "anapenda mazingira".

Lugha na ujuzi wa wenyeji

Mtafiti anayezungumza Kinyambo au Kihaya ana nyenzo ambayo mgeni hulazimika kuilipia. Majina ya mimea, ya aina za udongo na ya magonjwa yana elimu ndani yake: mkulima anayetofautisha udongo kwa majina tofauti ameshafanya uainishaji, na kazi ya mtafiti ni kuulinganisha na vipimo vya maabara. Profesa Josephat Rugemalira ameandika sarufi na msamiati wa Kinyambo, kazi zinazoweza kumsaidia mwanafunzi kuandika majina hayo kwa usahihi.

Mrejesho kwa wananchi

Tasnifu nyingi huishia katika maktaba za vyuo, zikiwa zimeandikwa kwa Kiingereza. Mkulima aliyetoa saa mbili za siku yake kujibu maswali, au aliyeruhusu vipande vya shamba lake vipimwe, mara nyingi hasikii tena habari za utafiti huo.

Njia za kurekebisha hali hiyo si ghali. Mtafiti anaweza kuandika muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili na kuukabidhi kwa Mtendaji wa Kijiji na afisa kilimo wa kata. Anaweza kuomba nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji ili aeleze alichokipata, pamoja na kile ambacho hakikufaulu. Nakala ya tasnifu inaweza kupelekwa ofisi ya Mkurugenzi wa Halmashauri na katika maktaba za shule za sekondari, ambako wanafunzi wa baiolojia na jiografia wataisoma. Gharama za mambo haya ziingizwe katika bajeti tangu andiko la kwanza, kwani mwishoni mwa masomo fedha huwa zimekwisha.

Serikali za vijiji nazo zina nafasi yao. Kijiji kinaweza kutunza daftari la watafiti waliofika, mada zao na tarehe waliyoahidi kurudisha matokeo. Daftari hilo humkumbusha mtafiti ahadi yake, na humwonyesha mwanafunzi anayefuata ni swali lipi limekwisha kuulizwa na lipi bado.

Hatua za kuanzia

Kwa muhtasari, mhitimu mwenye nia ya kuanza anaweza kufuata mpangilio huu:

1. Kuchagua tatizo moja analolifahamu katika kata yake na kuzungumza na afisa kilimo, maliasili au mazingira wa halmashauri kuhusu takwimu zilizopo.
2. Kusoma tafiti zilizokwisha kufanyika Kagera, nyingi zikiwa zinapatikana bila malipo katika hazina za kidijitali za vyuo.
3. Kuandika muhtasari wa andiko na kumtafuta msimamizi.
4. Kufuatilia matangazo ya udahili na ufadhili katika tovuti rasmi za vyuo, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, na wafadhili.
5. Kuandaa vyeti, nakala za matokeo, barua za wadhamini wa kitaaluma na, kwa mtumishi wa umma, ruhusa ya mwajiri.
6. Kuanza taratibu za vibali mapema, kwa kuzingatia misimu ya mvua.

Tarehe za mwisho za maombi na viwango vya ada hubadilika kila mwaka wa masomo. Waombaji wanashauriwa kuhakiki taarifa hizo katika vyanzo rasmi kabla ya kutuma maombi.